Sifa za Mgeni Asiyebisha Hodi

Draiva ni mkalimani anayekaa kati ya kompyuta na viungo vyake. Windows haijui lugha ya printa, na printa haijui lugha ya Windows. Draiva inazijua zote mbili, na isipokuwepo, kadi ya sauti ni kibao cha kijani tu chenye vidoa vya risasi. Kila kilichomo ndani ya kompyuta ya nyumbani, na kila kinachochomekwa ubavuni mwake, kina draiva yake: skrini, spika, kamera, kipanya, Wi-Fi. Watu hukaa na kompyuta miaka kumi bila kuijua hata moja kwa jina, wala hawana kosa. Mkalimani hodari hasikiki.

Kinachostahili kusifiwa hapa ni ile desturi ya draiva kubadilishwa usiku, kimyakimya, mwenye kompyuta hakuomba, hakuulizwa na hakuelezwa. Desturi hiyo imetukanwa sana. Kila anayeitukana ana kisa chake cha printa iliyogoma asubuhi ya kupeleka barua ya kazi, na visa hivyo huwa vya kweli. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea; sifa zifuatazo zisomwe kama za aliyelowa chapa.

Zamani draiva ilikuja ndani ya boksi, kwenye disketi na baadaye kwenye CD, na CD hiyo ilitunzwa droo moja na vyeti vya kuzaliwa. Ikikwaruzika, printa imekufa. Windows 98 ndiyo iliyoleta Windows Update, huduma ya kuchukua masasisho kwenye intaneti, lakini mtu alipaswa kuiendea mwenyewe kama aendavyo dukani. Mwaka 2000 Windows Me ikaanza kuleta mzigo hadi mlangoni. Kisha tarehe 29 Julai 2015 ikaja Windows 10, nayo ikaingia na mzigo hadi chumbani: katika toleo la Home, lile lililouzwa kwa watu wa kawaida, uwezo wa kukataa uliondolewa. Makampuni yenye toleo la bei kubwa na mtu wa IT anayelipwa mshahara yaliachiwa nafasi ya kuahirisha. Busara yake ni ya juu sana: mwenye mtaalamu anaruhusiwa kusubiri aone yaliyowapata wengine, na asiye na mtaalamu anahudumiwa kwanza.

Unyenyekevu wa draiva unaonekana vizuri zaidi kwenye tarehe zake. Mtu anayefungua orodha ya masasisho yaliyoingia kwenye kompyuta yake huweza kukuta mstari unaosema INTEL, kisha System, kisha 7/18/1968. Hajakosea kusoma. Ni tarehe 18 Julai 1968, mwaka mmoja na ushei baada ya Azimio la Arusha, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezi, na karibu miaka saba kabla Microsoft haijazaliwa. Kompyuta iliyonunuliwa juzi Kariakoo imepokea usiku wa jana kitu chenye umri wa babu.

Sababu ipo, na ni nzuri, ila hakuna anayeambiwa. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango kilekile, hutazama tarehe kabla ya kutazama namba ya toleo, na yenye tarehe ya karibuni ndiyo inayopewa kiti. Intel ina mafaili madogo ya kuitambulisha mitambo yake ndani ya ubao mkuu, na haikutaka mafaili hayo yaziondoe draiva nyingine zenye kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo iliyapa tarehe ya siku kampuni yenyewe ilipoanzishwa, ili mahali popote penye mwingine yawe ya mwisho kwenye foleni. Microsoft nayo ilifanya vivyo hivyo: draiva zake nyingi zinazokuja na Windows zina tarehe 21 Juni 2006, hata kama zimeandikwa upya mara nyingi tangu hapo, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa izishinde daima. Mijini watu hupunguza umri wapate kazi. Draiva inaongeza wake ili isimpokonye mwenziwe kazi. Adabu ya namna hiyo ingetangazwa ingekuwa majivuno, na ndiyo maana haikutangazwa.

Maelezo yanayoandamana na sasisho yana ufupi wa maneno ya kanga. Ni jina la kampuni, neno moja la aina ya kifaa, na namba nne zilizotengwa kwa nukta. Kilichobadilika hakitajwi, wala kilichokuwa kibovu hadi kikahitaji kubadilishwa. Yamesema, na mwenye kujua amejua. Asiyejua hubaki na kazi ya kufikiri, na kufikiri hakujawahi kumdhuru mtu.

Ujasiri wa draiva ulidhihirika mwaka 2014. FTDI, kampuni ya Glasgow huko Uskochi, hutengeneza chipu ndogo zinazounganisha USB na vifaa vya mtindo wa zamani, na chipu hizo hughushiwa sana. Draiva yake mpya ilisambaa kupitia Windows Update, ikaingia kwenye kompyuta za watu, ikapima kila chipu iliyochomekwa, na ilipokuta ya bandia ikafuta namba yake ya utambulisho na kuweka sufuri. Kifaa kilichofanyiwa hivyo hakikutambulika tena, hata kikihamishiwa kompyuta nyingine. Wenye vifaa wengi hawakuwa wametengeneza bandia yoyote. Walikuwa wamenunua kitu dukani na kukitumia. Nchini Tanzania kazi ya kukamata bidhaa bandia ni ya Tume ya Ushindani, na inahitaji maofisa, magari na makaratasi. Draiva iliifanya duniani kote kwa wakati mmoja, bila hati ya upekuzi, na ikamhukumu mnunuzi badala ya muuzaji, kwa kuwa mnunuzi ndiye aliyekuwa karibu. Kelele zilipozidi, kampuni iliiondoa Oktoba mwaka huohuo. Iliyofuata ilikuwa na huruma zaidi: chipu ya bandia iliachwa hai, ila badala ya data ilitoa maandishi ya kutangaza kwamba kifaa si halisi.

Kwa upande wa ukarimu, mfano bora ni wa mwishoni mwa 2023, ingawa waliohusika hapo ni taarifa za vifaa, ndugu wa karibu wa draiva. Watu waliamka wakakuta printa zao, za kampuni yoyote ile, zimepewa jina la HP LaserJet M101-M106, na programu ya HP Smart imejiweka yenyewe hata kwenye kompyuta ambazo hazijawahi kuona printa. Kwa kawaida mtu hubadilishiwa jina kwa ndoa, kwa dini au kwa mahakama. Printa hizi zilibadilishiwa bila sherehe, na nyingi ziliendelea kuchapa vilevile kana kwamba hakuna lililotokea, jambo linaloonyesha kwamba printa ina busara kuliko mwenye nayo. Desemba, Microsoft ilitoa kijiprogramu cha kuyarudisha majina ya zamani.

Wema wa draiva, hata hivyo, unaonekana vizuri zaidi nyumbani kuliko kwenye historia. Nyumba inaweza kuwa ya Tabata, sebule ya kawaida, kompyuta mpakato juu ya kitambaa cha kufuma. Jana usiku mtoto alitazama katuni na sauti ilitoka. Leo saa mbili asubuhi mama ana mkutano wa kazini kwa njia ya mtandao. Midomo ya wenzake inacheza na spika kimya. Alama ya spika pembeni ina msalaba mwekundu. Anazima, anawasha. Anachomeka earphone za simu, anazichomoa, anazipuliza. Anapiga simu.

"Fundi, kompyuta haitoi sauti."

"Mama, umebonyeza nini?"

"Sijagusa kitu chochote."

"Haya, ilete."

Hilo "sijagusa kitu" mafundi hulisikia kila siku na hawaliamini, na safari hii ni kweli tupu. Draiva ya sauti ilibadilishwa saa tisa usiku. Si tukio la kubuni kabisa: mwaka 2018 Microsoft ilieleza kwamba Intel ilikuwa imetoa kimakosa draiva za skrini, na watu waliounganisha kompyuta na televisheni au skrini ya nje wakapoteza sauti. Lakini mama wa Tabata amefaidika. Kufikia saa nne amejua kwamba kuna kitu kinaitwa draiva, amelipa nauli na elfu kumi ya fundi, na mkutano uliompita unaelekea haukuwa na maana. Fundi naye amepata riziki. Hakuna sera ya ajira iliyowahi kuwafikia vijana wa vibanda vya kompyuta kwa uhakika kama sasisho la usiku.

Bando ni sura nyingine ya mapenzi hayo. Kwa kawaida Windows huichukulia Wi-Fi kuwa haina kikomo mpaka iambiwe vinginevyo, na hotspot ya simu kwa macho yake mara nyingi ni Wi-Fi tu. Mtu amenunua bando la wiki, amewasha hotspot atume barua pepe moja yenye CV. Barua ina kilobaiti mia mbili. Draiva ya kadi ya picha peke yake huweza kuzidi megabaiti 500, na imekuwa ikisubiri nafasi hiyo kwa subira. Barua bado inazunguka, na ujumbe wa kampuni ya simu umeshaingia: umetumia asilimia mia moja ya kifurushi chako.

Sifa moja haihitaji kutiwa chumvi. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa dogo humfungulia mlango mwizi au huangusha kompyuta nzima kwenye skrini ya buluu. Kirusi cha WannaCry kilipozikumba kompyuta za nchi nyingi Mei 2017, dawa yake, sasisho la Windows, ilikuwa imetolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao dawa ilikuwa haijawafikia, na kompyuta moja isiyosasishwa ilitosha kuziambukiza nyingine za namna yake ndani ya jengo. Kwa hiyo anayezima masasisho yote kwa hasira ya spika amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Kosa la desturi hii haliko kwenye kuja kwake. Liko kwenye kutobisha hodi, na hodi ingegharimu mstari mmoja wa maandishi.

Wasio na shukrani wamepewa njia zao. Ndani ya Device Manager, draiva iliyoharibu mambo hubofywa kwa kitufe cha kulia, zikafunguliwa sifa zake, na kwenye kichupo cha Driver pana kitufe cha Roll Back Driver kinachorudisha ya zamani. Kitufe hicho kikiwa kijivu, ya zamani haikuhifadhiwa. Kikifanya kazi, Windows Update huweza kuileta ileile mpya tena baada ya siku chache, kwa moyo uleule. Ndiyo sababu Julai ileile ya 2015 Microsoft ilitoa kijiprogramu kidogo cha kuficha sasisho lisilotakiwa. Mwenye bando huingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi anayotumia na kuitangaza kuwa ni ya kupimwa, na hapo draiva huacha kupakuliwa hadi aruhusu mwenyewe. Ni hatua ya nusu dakika, na kwa mtumiaji wa hotspot ndiyo yenye faida kuliko zote. Tangu 2020 draiva nyingi zimehamishiwa kwenye orodha ya masasisho ya hiari, mahali ambapo mtu huchagua kwa kuweka tiki. Orodha hiyo ina maelezo ya ufupi uleule wa kanga.

Kusimamisha masasisho yote kwa muda nako kunawezekana. Toleo la Windows 10 la Mei 2019 lilimpa mtumiaji wa Home kitufe cha kusimamisha kwa siku saba, na kukibonyeza tena mpaka zitimie siku 35. Zikishatimia, kitufe hakikubali tena mpaka yote yaliyokuwa yakisubiri yameingia.