Namna ya Kupanga Vipaumbele vya Jiji Bila Kuacha Hata Kimoja

Hongera, Mheshimiwa. Umeshaapa, joho limekukaa, na wapiga debe wa kituoni wameacha kukuita kwa lile jina la utotoni. Sasa umebakiwa na jambo moja dogo: bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, ila tarehe hiyo isikudanganye. Mwongozo wa Hazina hutoka miezi mingi kabla, na ukilala utakuta vipaumbele vya kata yako vimeshapangwa na ofisa mipango anayeijua kata hiyo kwa kupita barabara kuu. Mwongozo huu ni wa diwani wa Dar es Salaam. Wa Mwanza, Mbeya au Tanga akiusoma hautamdhuru.

Anza kwa kuwasikiliza wananchi. Utaratibu unataka mipango ianzie mtaani, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo ifike halmashauri. Njia yenyewe ina jina rasmi, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Fursa utazitafuta, vikwazo vitakuja vyenyewe. Itisha mkutano Jumatano saa nne asubuhi. Wenye ajira watakuwa kazini, wenye biashara watakuwa Kariakoo, na watakaofika ni wazee wa kahawa, wajumbe wa mashina, na mama mmoja muuza vitumbua ambaye hakosi mkutano. Huyo ndiye wa kuangaliwa. Atanyoosha mkono, atasimama, atafunga khanga vizuri, kisha aseme:

"Mheshimiwa, mimi sina mengi. Ule mtaro wa nyuma ya soko umeziba tangu masika. Ikinyesha, maji yanaingia mpaka jikoni kwangu. Tuzibulieni tu, basi."

"Mama yangu, umesema jambo zito sana," utamjibu kwa sauti ya chini, ukimgeukia mtendaji. "Mtendaji, liandike hilo."

Mtendaji ataandika. Kwenye muhtasari wa kikao litasomeka hivi: kuboresha miundombinu ya mazingira ya kata kwa maendeleo endelevu. Mtaro umeshatoweka, na hakuna mtu aliyesema uongo.

Tukae kidogo kwenye mtaro huo, kwa sababu diwani anayeuelewa hahitaji semina nyingine. Mtaro wenyewe, kwa kuwa uko kando ya barabara, ni wa TARURA, wakala aliyezichukua barabara za mijini na vijijini kutoka kwa halmashauri mwaka 2017. Chupa za plastiki na maganda ya mihogo yaliyouziba ni ya halmashauri, maana taka ngumu ni kazi yake. Maji yanayochuruzika humo hata kiangazi yanatoka kwenye bomba lililopasuka, na bomba ni la DAWASA. Nguzo iliyoinamia ukingoni ni ya TANESCO. Maji ya mvua, yakishafika Mto Msimbazi, yanaingia mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na aliyejenga choo chake kwenye kingo za mto huo ni mteja wa wasimamizi wa mazingira. Shimo moja la hatua chache, ofisi sita, na kila moja ina gari lenye maandishi ubavuni.

Diwani mgeni, asiye na uzoefu, huziangalia ofisi hizo sita na kuuliza ipi ni yake. Akishagundua kwamba zake ni zile chupa, basi amekwisha. Ataanza kuuliza mkandarasi wa taka wa kata ni nani, mkataba wake unasemaje, gari linapita mara ngapi kwa wiki, ada wanayotoa wananchi kila mwezi inaingia wapi, na kwa nini taka zinazotakiwa kufika dampo la Pugu Kinyamwezi zinalala siku tatu mbele ya shule ya msingi. Haya ni maswali mabaya. Yana majibu, na majibu yenyewe yako ghorofa ya pili ya jengo ambalo wewe unaingia bila kusimamishwa na mlinzi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya vipaumbele, na kwa kweli ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuchagua mambo ambayo si yako. Barabara ya lami, maji ya bomba, umeme, daraja. Barabara ikijengwa, umeipigania. Isipojengwa, wamekuangusha wale wa TARURA, nawe utasimama na wananchi kuwashangaa. Takataka, masoko, matundu ya vyoo vya shule, vyumba vya zahanati, vibali vya ujenzi na viwanja vya wazi vinavyomegwa usiku vitaje mwishoni kabisa, kwa pumzi moja, chini ya kichwa "mengineyo". Mambo hayo yana ubaya mmoja: yasipofanyika, hakuna wa kumsingizia.

Raia wa jiji hili, kwa bahati yako, hawajui vizuri nani ana nini, na si kosa lao. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Tangu hapo mtu wa Sinza au Mbagala anasema anaishi Dar es Salaam, na hasemi uongo, lakini Meya wa Jiji la Dar es Salaam si meya wake. Ukibanwa sana kwenye mkutano, mkumbushe mwananchi jambo hilo. Wakati anajaribu kupata mpangilio kichwani, utakuwa umeshapanda gari.

Sasa orodha. Vipaumbele viwe vingi. Washauri wa kigeni watakuambia uchague vitatu, uvipe fedha, uvisimamie. Hao hawagombei. Ukisema afya kwanza, umesema elimu baadaye, na elimu ina walimu, wazazi na kamati ya shule, wote na vitambulisho vya kupigia kura. Ukisema soko la mtaa wa juu litangulie, mtaa wa chini watakukumbuka kwa miaka mitano. Andika kumi na viwili, vyote namba moja. Halafu andika kipengele mtambuka kinachobeba jinsia, vijana, watu wenye ulemavu, lishe, UKIMWI na mabadiliko ya tabianchi, ili yeyote atakayeuliza "mbona sisi hatumo?" afunguliwe ukurasa na kuonyeshwa jina lake.

Baada ya hapo mtaletewa ukomo wa bajeti. Hapa vijana wengi huvunjika moyo. Mishahara imeshapangwa, ruzuku za miradi zimeshapewa majina yake, na kinachobaki kwa hiari yenu ni mapato ya ndani: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, leseni, vibali, ushuru wa masoko na stendi. Kodi ya majengo usiihesabu kana kwamba iko mfukoni mwako. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Katika hayo mapato ya ndani, asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 baada ya kelele nyingi kuhusu vikundi hewa na marejesho yasiyorejeshwa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kazi yako si kujua utaratibu huo. Kazi yako ni kutabasamu siku ya kukabidhi hundi ya mfano, ile ya ukubwa wa mlango, na kutouliza kwa nini katibu wa kikundi cha vijana ana wajukuu.

Kama vipaumbele kumi na viwili havitoshi ndani ya ukomo, usikate hata kimoja. Pandisha makisio. Mwambie mweka hazina kwamba mwaka huu mtaziba mianya ya upotevu wa mapato, mtaongeza mashine za kukusanyia ushuru na kubuni vyanzo vipya. Chanzo kipya kwa kawaida ni yule yule mama wa vitumbua, ila safari hii kwa mashine. Kwenye karatasi, fedha itatosha na chenji itabaki. Kufika Desemba makusanyo yakiwa nusu tu ya mlichotarajia kufikia mwezi huo, kitakachokatwa hakitakuwa posho za vikao, kwa sababu bila vikao nani atajadili upungufu wa fedha? Utakatwa mtaro.

Ukiwa bado unachagua, jiulize kuhusu kila mradi: una mahali pa kuwekea jiwe la msingi? Swali hili halimo kwenye miongozo ya TAMISEMI na ndilo linaloamua mengi. Jengo la utawala lina ukuta, ukuta unapokea bamba la marumaru, na bamba linapokea jina. Mwenge wa Uhuru ukipita kwenye halmashauri yenu, viongozi wake watahitaji mradi wa kuzindua, na hawawezi kukata utepe juu ya mtaro uliozibuliwa. Utepe wenyewe utafungwa wapi? Matengenezo hayana sherehe. Choo cha shule kilichojengwa kinazinduliwa mara moja, lakini kinahitaji maji, sabuni na msafishaji kila siku ya Mungu, na hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kuzindua sabuni. Ndiyo maana majengo yetu yana wazazi wengi siku ya kuzaliwa, kisha yanakua yatima.

Ziara ya mafunzo isisahaulike. Nendeni Moshi mkajifunze usafi. Kila baraza lenye taka huenda Moshi, na kila baraza hurudi likisema siri ni sheria ndogo zinazosimamiwa. Mnazo sheria ndogo za aina hiyo, ziko kabatini. Semeni mtazifanyia mapitio.

Siku ya Baraza la bajeti, vaa joho mapema, kwa sababu feni za ukumbini zinazunguka kwa heshima tu. Juu ya meza utakuta kitabu kinene chenye jedwali ndani ya jedwali, ambacho kanuni zilitaka ukipate siku kadhaa kabla nawe umekipata sasa hivi pamoja na chupa ya maji. Usihangaike kukisoma chote. Tafuta jina la kata yako. Ukilikuta, piga meza. Usipolikuta, inuka useme, "Mstahiki Meya, naunga mkono hoja, ila kata yangu imesahaulika." Sentensi hiyo ina uzuri wake. Umepinga na umeunga mkono, na yote yameingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Upande wa meza kuu atakaa Mkurugenzi. Ndiye katibu wa Baraza, ndiye anayeshika kalamu na hundi, na ameteuliwa na Rais. Hakuchaguliwa na wewe wala na mama yeyote wa vitumbua. Nyinyi madiwani mnamsimamia. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, na wakati mwingine hata yeye husema hivyo akiwa anatabasamu. Ukitaka kumsimamia kweli, uliza kuhusu mstari mmoja tu wa kitabu, mmoja, na usikae mpaka ujibiwe. Wachache wanaofanya hivyo hujulikana haraka jiji zima, na mwishowe huhamishiwa Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Kamati hiyo ni muhimu sana, ila haitoi zabuni nyingi.

Bajeti ikishapita, itapanda Mkoani, itakwenda Dodoma kuchambuliwa, itaingia bungeni ndani ya mafungu ya mikoa. Kila ngazi itakuachia kisingizio kipya, vihifadhi vyote. Ripoti ya CAG ikitoka na halmashauri yenu ikapata hati safi, pikeni pilau. Wako watakaosema hati safi maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa inavyotakiwa, kwamba haimwambii mtu kama gari la taka lilipita. Wape sahani ya pilau.

Kinachobaki ni taarifa za kila robo mwaka, na hizo zina maneno matatu tu ya kuchagua: "umekamilika", "unaendelea", na "upo kwenye hatua za manunuzi". Mradi ambao haujaanza uko kwenye manunuzi. Ambao hautaanza unaendelea.

Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa mahali ambapo wananchi wanaweza kusoma. Bandika. Chagua ubao ulio nyuma ya dirisha la ofisi ya kata, karatasi iwe ya herufi ndogo, na kando yake weka tangazo kubwa la usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mara chache sana atatokea kijana na simu, apige picha karatasi ile, akaisome nyumbani na kurudi kesho yake na swali kuhusu mkandarasi wa taka. Usigombane naye. Mpongeze mbele za watu, umteue kwenye kamati ya maandalizi ya Mwenge, yenye posho. Akiipokea, umeshinda. Akiikataa, Mheshimiwa, tuma mtu haraka akaulizie kama amechukua kadi ya chama, na cha nani, maana huyo anakitaka kiti chako.