Kabla Hujanunua Laini, Kagua Mtaro

Unataka kuunganisha duka la Kariakoo na ghala la Vingunguti kwa laini ya kukodi, ile ya nukta kwa nukta ambayo hamchangii na mtu? Vaa viatu vya vumbini. Tai utaivaa siku ya kutia sahihi.

Muuzaji atakuja na mchoro: majengo mawili na mstari wa buluu ulionyooka kama rula. Mpe chai, kisha mwambie, "Haya kaka, twende ukanionyeshe huo mstari." Faiba halisi hushuka shimoni, huvuka barabara, hupanda nguzo. Ifuateni mfuniko kwa mfuniko, na kila mahali ulizia: hapa barabara itapanuliwa lini? Bomba la maji litapita wapi?

Nasema hivi kwa sababu asubuhi moja nilisimama ukingoni mwa mtaro, kijiko kimeinua udongo na bomba la plastiki limekatika, nyuzi nyembamba kama unywele zikichungulia. Tulikuwa na laini mbili, za kampuni mbili, kwa ankara mbili. Zote zilipita mtaro ule ule. Siku hiyo hesabu za ghala zililetwa mjini kwa bodaboda, ndani ya flashi.

Kwa hiyo laini ya pili iingilie upande mwingine wa jengo, tena kwa barabara nyingine. Ikishindikana, chukua ya redio: mvua kubwa huisumbua, lakini hakuna kijiko kinachochimba hewa.

Kwenye mkataba, ahadi ya laini kuwa hewani asilimia 99 ya muda isikulevye. Ni ruhusa ya kukatika zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni karibu saa tisa. Ulizia pia: muda wa kukatika unaanza kuhesabiwa ukipiga simu au fundi akifika?

Halafu ujue programu yako inakaa wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikazorota nchini Tanzania. Laini ya Kariakoo hadi Vingunguti haigusi bahari, lakini kama hesabu zako zinatunzwa kwenye seva ya Ulaya, utakwama na wenzako.

Mwisho nenda ghalani ukaone ruta imechomekwa wapi. Ikiwa inachangia soketi na birika la mlinzi, mfungie mzee soketi yake leo hii.