Mgongo kwa Wageni

Sebule ya Dar es Salaam haipangwi, inarithiwa ikiwa imeshapangwa. Makochi yanaegemea kuta, meza ya kioo iko katikati, runinga inatawala upande wake, na kabati limejaa vyombo ambavyo havijawahi kuonja chakula. Ingia nyumba yoyote ya Tabata au Mbagala umeme ukiwa umekatika, utafika kwenye kochi bila kujigonga. Fanicha zote zinamtazama mgeni, na mgeni anaitazama runinga.

Ndani ya utaratibu huo uliotimia, shangazi wa mke wangu akaamua kutuzawadia piano. Shangazi ni mwalimu mstaafu wa muziki, na alikuwa anahamia nyumba ndogo zaidi. Zawadi inayotoka ukweni haikataliwi. Unasema, "Ahsante sana, Shangazi," halafu unakwenda kupima mlango.

Ilifika juu ya kirikuu na vijana wanne ambao tulikuwa tumepatana bei kabla hawajaiona. Walipoinyanyua mara ya kwanza, patano likafa. "Bosi, bei ile ilikuwa ya kabati," alisema mkubwa wao. "Humu ndani kuna nini?" Nikawaeleza kwamba kuna nyuzi zaidi ya 200, zimekazwa kiasi kwamba mvutano wake wote ukijumlishwa unafika tani 15 hadi 20, ndiyo maana fremu yake ni ya chuma cha kusubu. Walinisikiliza kwa makini sana. Bei ikapanda tena.

Aliyebuni chombo hiki, Bartolomeo Cristofori, alikitengeneza Florence mnamo mwaka 1700 akiwa mtumishi wa mwanamfalme Ferdinando de' Medici. Ferdinando alikuwa na kuta za kutosha na hakuwa na runinga. Miaka 100 baadaye, John Isaac Hawkins wa Philadelphia akaisimamisha piano wima ili itoshe katika nyumba za watu wa kawaida. Namshukuru kwa nia yake njema. Ila kila ukuta wa nyumba ya mtu wa kawaida una mwenyewe.

Ukuta wa dirishani ni wa jua na upepo. Jua hukausha mbao na kupausha rangi, na upepo wa bahari huja na chumvi ambayo nyuzi za chuma haziipendi hata kidogo. Ukuta wa bafuni ni wa mabomba, na rangi yake hubambuka kila masika. Ukuta wa tatu ni wa kabati. Nilipendekeza kabati lihamie chumbani, mke wangu akanitazama, nami nikajijibu mwenyewe. Ukabaki ukuta wa runinga. Shemeji yangu akatoa wazo ambalo kila mwanamume aliyekuwepo alilipigia makofi: runinga ikae juu ya piano. Siku ya Simba na Yanga watazamaji wote waliondoka wakikanda shingo zao. Na kila nilipogusa sauti za chini wakati wa taarifa ya habari, msomaji alitetemeka kana kwamba habari zile zinamhusu yeye.

Runinga ikatundikwa juu ya mlango wa korido, piano ikabaki na ukuta wake, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipojitokeza. Mpigaji wa piano ya wima hutazama ukuta. Walio kwenye makochi hutazama kisogo chake. Kwetu, mgeni hapewi mgongo, hata kama mgongo huo unamtumbuiza. Mzee mmoja wa kanisa alitutembelea, nikampigia pambio analolipenda kwa heshima zangu zote, beti zote. Alipokuwa anaaga alimwambia mke wangu kwamba hakutaka kukaa zaidi, maana aliona baba mwenye nyumba ana kazi zake.

Tukaigeuza. Sasa mimi nilitazama wageni, na wageni wakatazama nyuma ya piano, ambako mafundi wa Ulaya hawakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atakaa na kunywa chai: maboriti matupu, utando wa buibui na tarakimu zilizoandikwa kwa chaki. Mke wangu akatandaza khanga. Khanga nzuri, mpya, na jina lake likaangukia sawasawa upande wa makochi: "Hasidi hana sababu."

Jirani alikuja kuazima sufuria. Akaketi, akainua macho, akasoma. Khanga hujibiwa na aliyelengwa, na sebuleni siku hiyo hakukuwa na mwingine. Akaondoka bila sufuria. Mke wangu akakimbilia Kariakoo, akanunua nyingine yenye maneno ya mapenzi na amani, akaibadilisha jioni hiyohiyo. Mambo yakaharibika zaidi. Mtaani ikasemwa kwamba tumeiondoa ile ya kwanza kwa sababu ujumbe umeshafika.

Wakati huo nota nazo zilikuwa zinatafuta makazi. Shangazi alituletea piano pamoja na benchi lenye kifuniko, na benchi lilijaa kabla hatujafika hata nusu ya makaratasi yake. Nyingi ni nota za herufi za kwaya, do, re, mi zimeandikwa d, r, m, kwa mfumo ambao Sarah Glover aliuanzisha na John Curwen akaueneza huko Uingereza katika karne ya 19. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuupiga kwa taipureta ya kawaida, ndiyo maana wamisionari waliupenda na kwaya zetu hazijauacha. Ubaya wake ni kwamba asiyeimba akiutazama anaona herufi, nukta na vistari, kama mtihani wa mtoto aliyekata tamaa. Dada anayetusaidia nyumbani alikuta furushi la namna hiyo sakafuni, akalihurumia, akampa muuza vitumbua.

Kesho yake asubuhi nilifungua kifungua kinywa changu nikakuta sauti ya tatu ya wimbo wa Pasaka imeloa mafuta. Wiki ile nyumba nzima ilikula vitumbua mpaka tukavichoka, huku mke wangu akikausha karatasi juani na kuzipanga kwa namba za kurasa. Sauti ya kwanza na ya pili tulizipata zote. Besi walikuwa wameshaila wapanda daladala wa alfajiri.

Dawa ya nota ikawa tranka la bati nililokwenda nalo bweni, lenye jina langu kwa rangi nyeupe ubavuni. Panya hawalitoboi, mchwa hawaliwezi. Ndani tumepanga kwa kalenda ya kanisa, Majilio kushoto, kisha Krismasi, Kwaresima na Pasaka, na katikati tumeweka vidonge vya naftalini dhidi ya mende. Tangu hapo kwaya yetu hunukia kabati la bibi. Tranka limechukua nafasi ya meza ya kioo, kwa hiyo ukitaka kutoa wimbo wa Pentekoste lazima kwanza umwombe mgeni ainue kikombe chake.

Masika ikaja na zamu yake. Piano hustarehe pale unyevu wa hewa unapokuwa karibu asilimia 40 hadi 50, na Dar masika hupita 80 bila kuomba radhi. Mbao zikavimba, kii nyeusi za katikati zikazama zisirudi. Fundi wa kutyuni akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi, akanyamaza kidogo. "Mzee," akasema, "hapa una wapangaji." Akatoa biskuti, sarafu ya shilingi 50, mayai ya mjusi, na mjusi mwenyewe aliyeonekana kukerwa. Kisha akafunga ndani kifimbo cha umeme cha kufukuza unyevu. Ndiyo hivyo, siku hizi tukinunua LUKU, piano nayo imo kwenye hesabu.

Shangazi alipokuja kukagua tulikuwa tumeshaiweka ubavu, nikitaka mgeni aone shavu langu, si kisogo wala khanga. Hakuipenda. Aliwaamuru vijana wairudishe ukutani, akakaa kwenye benchi, akapiga saa nzima huku sote tukitazama mgongo wake, na hakuna aliyenuna.

Nikaelewa kwamba adabu inamkataza mwenyeji tu kutoa mgongo. Mgeni hajawekewa katazo lolote. Kwa hiyo siku hizi kila anayelalamikia mpangilio wa sebule yetu namkaribisha benchini kwa mikono miwili, atupigie. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Wanaaga mapema, na mechi tunaitazama kwa nafasi.