Chuma cha Vitumbua

Msusi aliikaza ile twende kilioni mpaka nikalala macho wazi. Nilipoifumua baada ya wiki tatu, panja zote mbili zilikuwa zinang'aa kama goti la mtoto aliyepakwa mafuta. Baba Zuhura alisema haoni tofauti yoyote, huku akitazama ukutani.

Ndipo nikafika Kisutu, kwenye duka la dawa za Kihindi. Mama mwenye duka ana msuko mmoja unaogusa kiuno. Tangazo jingine hahitaji. Akanipimia unga wa amla, maganda ya shikakai na chupa ya mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na majani ya bhringraj. Sharti likawa moja: amla ilowekwe usiku kucha kwenye chombo cha chuma, si sufuria ya alumini.

Sasa nyumbani kwetu chuma ni kimoja tu, kile cha vitumbua, chenye vishimo saba, alichokuja nacho mama mkwe kutoka Tanga kimeviringishwa kwenye kanga. Sabuni hakiijui. Nikasubiri mpaka nikasikia anakoroma, nikachota tope la amla kijiko kwa kijiko, nikajaza vishimo vyote saba, nikafunika na sinia.

Alfajiri nikakuta wino. Sitanii: amla ina tanini kama majani ya chai, ikikutana na chuma inageuka nyeusi tii, na tanini na chuma ndivyo vilivyotengenezea wino wa kuandikia karne na karne. Nikajipaka kichwa kizima, nikakivika mfuko wa rambo niliouficha tangu marufuku ya 2019. Chuma nikakisuuza harakaharaka, nikakirudisha mahali pake.

Saa moja baadaye niko bafuni najiosha kwa maji ya shikakai. Povu lake la kinyonge, ila uchafu linautoa. Shida ni macho. Likaniingia tone moja tu, nikapiga ukelele kama nimeumwa na nge. Baba Zuhura akaja mbio, akanifuta uso kwa taulo la kwanza aliloliona: jeupe, la wageni. Halikuwa jeupe tena, wala shati lake la kazini.

Huko jikoni, kimya. Na kimya cha mama mkwe ni kibaya kuliko kelele zake. Nikamkuta na kijiti mkononi, vitumbua vimeng'ang'ania, vinatoka nusunusu, rangi ya majivu. Amla ni kali kama ndimu. Ilikuwa imekula ngozi yote ya mafuta ambayo chuma kile kiliivaa tangu yeye hajaolewa.

"Mama Zuhura, umepika nini humu?"

"Nywele, mama."

Hakucheka. Akakisugua, akakipaka mafuta ya nazi, akakibandika motoni, akakipaka tena, mara nne. Kisha akanikalisha chini kati ya magoti yake, akanikanda kichwa kwa mafuta yaleyale yaliyobaki kwenye kibakuli. Wahindi kukanda huko wanakuita champi, na ndiko lilikotoka neno shampuu. Vidole vikafika kwenye panja, vikasimama.

"Hapa pamevutwa, mwanangu. Usisukwe mpaka nikwambie."

"Haya, mama."

"Na ile chupa ya Kisutu ina nini?"

"Mafuta ya ufuta, na majani yao."

"Ilete. Magoti yananiuma."