Shangazi Anasoma Bima

Mtanzania ukimtajia bima, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwa trafiki. Bima ni ile stika ya kwenye kioo cha gari, iliyobandikwa ili afande asikusumbue Tazara. Hata siku hizi ambapo afande anaichungulia kwenye simu, kazi yake ni ileile: kumridhisha mwenye mamlaka aliyesimama mbele yako. Ikishamridhisha, huidai kitu kingine. Bima ya safari nayo tumeiingiza humohumo. Ni karatasi ya kumpa mtu wa ubalozi. Unainunua Posta kwa wakala mwenye kompyuta na printa, unaibana kwenye faili pamoja na taarifa ya benki iliyonenepeshwa wiki iliyopita kwa hela za kuazima, na viza ikitoka unaisahau kwenye droo, ukaenda Ulaya kwa dua za mama.

Shangazi yangu si wa kundi hilo. Amestaafu ukarani wa mahakama, na amebaki na maradhi ya kusoma kila kilichoandikwa, kuanzia karatasi ya ndani ya boksi la dawa hadi nyuma ya tiketi ya boti. Binti yake anaishi Hamburg. Alipojifungua mtoto wa pili ikaamuliwa kwamba Shangazi aende kumlea mzazi, na mimi nimsindikize kwa kuwa ninazijua, kwa maneno yake, "hizo simu za kugusagusa".

Ujerumani imo katika Schengen, umoja wa nchi 29 zinazotumia viza moja, na sheria yao ya viza ya mwaka 2009 haina mzaha na bima. Kinga isipungue euro 30,000. Ifanye kazi katika nchi zote za umoja huo, hata kama wewe safari yako inaishia sebuleni kwa binamu. Ibebe matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani ukiugua, na kurudishwa nyumbani ukifa. Mizigo haikutajwa, wala ndege kuchelewa, wala pochi kuibiwa. Kwa ubalozi, swali ni nani atalipa hospitali yao. Begi lako ni shauri lako.

Ndiyo maana wakala wetu alikuwa na bima za bei tatu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ile ya chini.

"Mama, hii ndiyo wanayochukua watu wote wa Ujerumani," akasema, na printa ikatema ukurasa mmoja wenye nembo.

Shangazi akaugeuza. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Hiki ni cheti. Mkataba uko wapi?"

Kijana alimtazama kwa muda. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Akatafuta kwenye barua pepe, akaupata, akasema ni kurasa nyingi, Mama, na ni Kiingereza kitupu. Shangazi akajibu kwamba mahakamani nako hakukuwa na taarabu. Printa ikaanza. Wateja waliokuwa nyuma yetu walihesabu kurasa kwa miguno. Katikati karatasi zikaisha, kijana akaenda kukopa duka la jirani la kutoa fotokopi. Shangazi akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza na ukurasa wa mwisho.

"Mbele wanaandika wanachotoa," akaniambia. "Nyuma ndiko wanakochukua."

Na kweli huko nyuma ndiko yalikokuwa mambo yasiyolipwa. Ajali ukiwa umelewa, hailipwi. Pikipiki bila leseni, hailipwi. Vita, fujo, kujidhuru, matibabu uliyokuwa umeyapanga tangu nyumbani ukaenda kuyafuata kwa kisingizio cha kutembea. Michezo ya theluji nayo haikuwamo, na kijana, ambaye sasa alikuwa ameanza kuchangamkia biashara, akasema inaweza kuongezwa kwa hela kidogo tu. Shangazi alimwangalia juu ya miwani, akaiangalia miguu yake mwenyewe, akafungua ukurasa mwingine.

Tukafika kwenye presha. Mkataba uliuliza kama msafiri ana ugonjwa wowote anaoutumia dawa. Shangazi ana presha na wilaya nzima inajua. Kijana akashusha sauti.

"Mama, hapo usiandike. Ukiandika, bei inapanda."

Hapo ndipo nilipoiona mahakama. Shangazi akavua miwani. "Mwanangu, unanifundisha kusema uongo kwa maandishi, halafu nitie sahihi?"

Ushauri wa yule kijana unatolewa sana, na kwa nia njema, kwa hiyo nitasimama hapa kidogo. Ukificha ugonjwa, bei inakuwa nzuri, viza inatoka vizuri, na kila mtu anafurahi mpaka siku unapoanguka. Siku hiyo kampuni inaomba mafaili yako ya hospitali kabla ya kulipa. Ikikuta umekuwa ukimeza vidonge vya presha tangu zamani na ulijaza "hapana", ina haki ya kukataa dai, na hapo umelipia karatasi isiyo na bima ndani yake. Ukisema ukweli, kampuni moja itakwambia presha yako haimo lakini mfupa ukivunjika umo, nyingine itaongeza ada na kuipokea. Shangazi aliandika ukweli. Umri nao ukaongeza yake, maana ukivuka miaka fulani unahesabiwa na gari kuukuu. Bei ikaruka. Akanung'unika, akalipa ile ya kati, yenye mizigo.

Lakini kabla ya kulipa aliuliza lile lililowanyamazisha hata wale wa nyuma.

"Hapa mmeandika kuurudisha mwili. Mnaurudisha mpaka wapi? Uwanja wa ndege au kwetu Muheza?"

Kijana akasema tusiombe hayo, Mama. Shangazi akasema haombi, anauliza. Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kila mwenye ndugu ughaibuni analijua lile kundi la WhatsApp linalofunguliwa usiku, picha ya marehemu ikiwa amevaa koti la baridi, namba ya mhazini, na orodha ya waliotoa inayorefuka kwa vidole. Msiba unasubiri mochwari huko kwa wenyewe huku sisi hapa tunachangishana nauli ya jeneza. Mstari mmoja wa mkataba, tunaoruka kuusoma kwa kuogopa mkosi, ulikuwa na uwezo wa kulimaliza jambo hilo kwa simu moja. Wakala akapiga makao makuu. Akajibiwa: mpaka Dar es Salaam, kutoka hapo ni juu ya ukoo.

"Basi kaka aweke mafuta," Shangazi akasema, akatia sahihi.

Tulipokuwa tunatoka akaniuliza kama Wazungu nao wanasumbuliwa hivi wakija kwetu. Nikamwambia Zanzibar wanalipa: tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia visiwani analipa dola 44 za bima kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana bima yake ya kwao. Alifurahi sana. Kisha akauliza, "Na wao wanausoma?"

Safari yenyewe haikuwa na neno mpaka tulipofika Hamburg na mkanda wa mizigo ukazunguka mpaka ukazimwa. Begi langu lilikuja. La Shangazi, lenye dera zake, unga wa muhogo, dagaa wa Kigoma na nguru mkavu aliyefungwa kwa magazeti na mifuko ya plastiki, halikuja. (Samli tuliiacha nyumbani. Nyama na vitu vya maziwa Ulaya haviingii kutoka kwetu, samaki mkavu wa kula mwenyewe anapita.)

Abiria wengine waliokosa mizigo walikwenda zao wakiwa wamekasirika. Shangazi alikwenda kaunta. Alikuwa amesoma kwamba bila ripoti iliyoandikwa uwanjani, kabla hujatoka nje, dai la begi halina miguu. Binti wa kaunta akajaza kwenye kompyuta, akatupa karatasi yenye namba. Shangazi akaikagua.

"Mwambie hajagonga muhuri."

Nikamwambia. Binti akasema hawagongi mihuri, namba inatosha. Nikatafsiri. Shangazi alikaa kimya akiwaza juu ya Wajerumani, ambao maisha yake yote alikuwa amewapa heshima kubwa.

Usiku huo binamu yangu aliangua kilio juu ya nguru, na mimi nikasoma kidogo kumpoza. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, begi linahesabiwa "limechelewa" mpaka zipite siku 21. Baada ya hapo ndipo unaweza kulidai shirika la ndege kama kitu kilichopotea, na kikomo cha fidia, tangu mwisho wa 2024, ni 1,519. Shangazi akauliza 1,519 za nini. Nikasoma: Haki Maalumu za Kutoa Fedha, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni fedha ambayo hakuna mtu amewahi kuishika mkononi wala kurudishiwa chenji yake. "Basi tungoje begi," akasema.

Bima yetu ilikuwa na njia fupi zaidi. Begi likichelewa zaidi ya saa 12, inarudisha gharama ya vitu vya lazima ulivyonunua, kwa risiti. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa tatu, Shangazi ana dera na sweta la ndegeni, na binamu yangu anamsihi watoke wakanunue koti. Shangazi akakataa. Saa hazijatimia. Alikaa karibu na kipasha joto, shali la mzazi begani, akiitazama saa ya ukutani. Zilipotimia akasimama.

"Sasa twendeni."

Akanunua koti la sufu, soksi, nguo za ndani, mswaki na kipochi cha mkononi chenye rangi ya koti. Risiti aliikunja mara mbili akaiweka ndani ya Yasini yake. Begi lililetwa nyumbani kesho yake na kijana wa kampuni ya kusambaza mizigo, ambaye alilishika kwa kuunyoosha mkono mbali na mwili wake. Nguru alikuwa amefika kabla yake, ngazini.

La pili lilikuwa jino. Mkate wa Kijerumani una ganda kama la fenesi, na Shangazi aliung'ata kwa imani ya mtu wa boflo. Gego likapasuka. Binamu akashika funguo za gari, twende kwa daktari. Shangazi, mkono shavuni, akamzuia kwa kidole: kwanza simu.

Ile namba ya simu nafikiri ndiyo bima yenyewe, na ndiyo watu wanayoiacha kwenye droo. Mikataba mingi inataka upige kabla ya matibabu, au mapema iwezekanavyo kama umepelekwa umezimia. Wao ndio wanaofungua faili, wanaokuelekeza hospitali, wanaoidhinisha malipo. Ukijitibia kwanza unaweza kulipwa, lakini utalipwa kwa maswali. Tulipiga. Mwanamke mwenye sauti ya upole akauliza kwa Kiingereza kama mgonjwa yuko salama kwa sasa. Shangazi akataka nimsalimie vizuri kwanza, nimuulize na watoto. Nikamuuliza. Kukawa kimya, kisha akasema wazima, ahsante, na nadhani toka hapo faili letu lilikwenda haraka kuliko kawaida.

Jino lililipiwa kwa kipimo chake. Bima ya safari inatuliza maumivu: kung'oa au kuziba, basi. Kofia ya jino ambayo daktari aliipendekeza kwa tabasamu zuri ilikuwa juu yetu, tukamshukuru. Na katika hilo la kung'oa pia kulikuwa na kiasi cha kwanza ambacho msafiri hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijagusa. Binamu yangu aliona ni wizi. Shangazi akamwonyesha ukurasa.

Tuliporudi Dar tukapeleka dai la mizigo. Kampuni ikataka nakala ya bima, pasipoti, kipande cha tiketi cha kupandia ndege, ile ripoti isiyo na muhuri, uthibitisho wa siku begi lilipofika, na risiti. Kwa mtu mwingine yeyote hapa ndipo dai linapofia, maana kipande cha tiketi kimetupwa kwenye kiti cha ndege na risiti imefuliwa ndani ya suruali. Shangazi alivitoa vyote kwenye faili moja, kila kimoja na nakala yake.

Walilipa koti. Walilipa soksi, nguo za ndani na mswaki. Kipochi wakakikata: si kitu cha lazima.

Shangazi aliandika barua ya kukata rufaa, ukurasa mmoja na nusu, kwa ile lugha ya mahakamani ya kuheshimiana huku mnashikana mashati. Akaeleza kwamba mwanamke wa umri wake hatembei ugenini ameshika vidonge vya presha na nakala ya mkataba mkononi, na kwamba mkataba wenyewe unamtaka awe navyo muda wote. Nilidhani amewashinda. Jibu lilikuja mistari minne. Lilitaja kifungu, kifungu kidogo, na kiambatisho chenye orodha ya vitu vinavyohesabiwa kuwa vya lazima, ambamo kipochi hakimo.

Akakifungua kiambatisho, akashuka nacho kwa kidole mpaka chini, akapindua akaangalia na nyuma.

"Hawa," akasema, "wamesoma."