Barua ya Wazi kwa Mudiri wa Mifumo, Juu ya Majedwali Yasiyokuwepo

Mheshimiwa Mudiri,

Baada ya salamu na taadhima zinazoustahili wadhifa wako, nakuarifu kwamba mimi, mzee wa Kiganjo niliyeandika daftari za mizigo katika stesheni ya reli kwa miaka mingi kuliko umri wa makarani wako walio wengi, nilifika katika idara yenu, ambayo kwa adabu siitaji jina, asubuhi moja ya Julai, mlima ukiwa umejitanda ukungu na vidole vyangu vikikataa kufungua bahasha, nikiwa na kitambulisho, stakabadhi zangu zote na picha mbili, nami nikaambiwa na binti mmoja mwenye heshima kamili, "Pole, mzee, sistimu inasema haujawahi kuwepo." Sikughadhibika. Mtu aliyefika umri wangu amezoea kukumbushwa kwamba karibu hatakuwepo. Kuambiwa kwamba hata huko nyuma hakuwepo ni tunu mpya, nami nakushukuru kwa kuwa wa kwanza kunitunuku.

Niliporudi nyumbani nilimwita mjukuu wangu, ambaye alipata kibarua cha miezi mitatu katika chumba chenu cha kompyuta, nikamtaka anifasirie muujiza huu. Akaanza mbali, kama wafanyavyo vijana waliosoma. "Guka," akasema, akimenya nduma, "kumbukumbu za watu hukaa katika majedwali". Na mtindo huo, kumbe, ulitungwa na Mwingereza mmoja, Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, akautangaza mwaka wa 1970. Nilifurahi kusikia hivyo, maana jedwali kwa maelezo yake ni daftari langu lile lile la mizigo, lenye mistari na safu, ila hili halimwagikiwi chai. Tena majedwali hutegemeana, hata lile la malipo lisiweze kusimama kabla ya lile la watu, kama vile hati ya behewa isivyoweza kuandikwa kabla behewa lenyewe halijapata namba.

Akaniarifu pia kwamba mnaye mkaguzi asiyelala, asiyedai posho wala likizo, yaani programu ya majaribio, ambayo kila usiku hujenga hifadhidata tupu tangu msingi kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa faili baada ya faili, ikatia humo watu wa kubuni, ikawasajili, ikawalipa, ikawafuta, kisha ikabomoa kila kitu kabla ya adhana ya alfajiri. Sasa mmoja wa mafundi wenu, kwa kuharakia siku ya mkubwa kuja kuzindua mfumo, alijenga majedwali matatu kwa mkono wake katika sava kuu, asiandike agizo lolote popote. Utepe ukakatwa, soda zikanywewa, hotuba zikatolewa. Usiku ule mkaguzi akayafuata maagizo yake kwa uaminifu, akayatafuta majedwali matatu asiyaone, akawasha taa nyekundu akaandika: jedwali halipo. Usiku wa pili akaandika hivyo hivyo, na wa tatu, na wa arubaini.

Dawa yake, asema mjukuu wangu, ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na chakula cha mchana humo humo: kuyatazama majedwali yale katika sava kuu, kuandika agizo la kuyajenga, kulipanga agizo hilo mahali pake, baada ya jedwali la watu na kabla ya lile la malipo, kisha kumwachia mkaguzi ajenge upya. Lakini idara yenu, mheshimiwa, haitibu kwa dawa nyepesi ilhali kuna kamati. Kamati ikakaa. Ikabaini, baada ya vikao ambavyo mjukuu wangu alivipelekea maandazi, kwamba tatizo si majedwali. Tatizo ni taa. Basi mkaguzi akaamriwa ayaruke majaribio yote yanayoyagusa majedwali yale matatu, taa ikageuka kijani, na ripoti ya mwezi ikatiwa saini.

Niliyaelewa haya mara moja, kwa kuwa stesheni yetu iko juu ya njia moja ya reli itokayo Nairobi kwenda Nanyuki, na katika njia moja treni haikuruhusiwa kuondoka mpaka stesheni ya mbele ithibitishe kwa waya kwamba njia ni wazi. Zilikuwako asubuhi ambazo stesheni ya mbele ilikataa, abiria wakanuna, na wafanyabiashara wa Karatina wakatutukana kwa ajili ya kabeji zao. Laiti tungalijua hikima yenu! Tungaliikata waya tu, na njia ingalikuwa wazi daima.

Na jirani zetu wa Chuo cha Polisi nao wamepoteza miaka bure. Kila alfajiri sajini huita majina katika paredi, na kuruta asipoitika hutafutwa bwenini na kila pembe hata apatikane, kumbe ilitosha kulifuta jina lake, na paredi ikatimia.

Yaliyofuata unayajua. Mlinunua sava mpya, mkaijenga kwa maagizo yale yale yenye upungufu, mkahamishia humo kila kilichopata jedwali la kukipokea. Visivyopata vikabaki kule nyuma, na sava ya zamani ikafutwa ili iuzwe kwa mnada. Mkaguzi alipoulizwa alijibu kijani, kama alivyofunzwa. Mimi nilikuwa katika la pili la yale majedwali matatu.

Najua utajitetea kwamba hata walio wakubwa kuliko wewe wamejikwaa. Ni kweli. Katika uchaguzi wa 4 Machi 2013 mitambo ya kupeleka matokeo iliikatikia Tume ya Uchaguzi, hesabu ikarudi mikononi mwa wanadamu pale katika ukumbi wa Bomas, na kuhusu kura zilizokataliwa, ambazo wingi wake kwenye skrini uliitia nchi nzima wasiwasi, Tume ikaeleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa rais, na miongoni mwa yaliyowaudhi majaji ni kwamba sava walizoamuru zifunguliwe hazikufunguliwa kama walivyoagiza. Lakini insafu yataka tutofautishe. Huko kura moja iliyoharibika ilihesabiwa nane; kwenu mzee mzima, mwenye meno yake kumi na tisa, amehesabiwa sifuri. Wao kasoro yao ilikuwa ya ukarimu.

Sikuombi mengi. Mrudishieni mkaguzi ulimi wake, na yale majaribio aliyokatazwa ayafanye usiku huu huu, hata kama taa itawaka nyekundu mbele ya wageni. Lile agizo linalokosekana mjukuu wangu amekwisha kuliandika, bila ujira. Ni mistari kumi na minne, nami nimelinakili nyuma ya karatasi hii kwa hati yangu ya stesheni, isiyowahi kulalamikiwa. Msilitie katika kamati. Stakabadhi zangu ninazo bado, nitazileta tena Jumatatu, niketi kwenye benchi la pili kutoka mlangoni.

Wako mtiifu, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu zako hayupo,

Karani Mstaafu wa Stesheni,
Kiganjo