Sifa za Jongo

Maradhi mengi hayana adabu: yanamvamia mtu bila hata kuuliza amekula nini. Jongo si hivyo. Hilo ni karani makini; hukagua kwanza hesabu ya meza, ndipo lije kudai.

Willibald Pirckheimer, Mjerumani aliyeugua jongo, aliliandikia sifa zake mwaka 1522. Bahati mbaya hakufika Kamalondo, hapa Lubumbashi.

Huko, timu ya soka ya TP Mazembe ikishinda, mitaa inayozunguka uwanja wake hujaa meza za Simba na Tembo, bia za hapa hapa mjini. Pembeni mchoma michopo anakatakata mbuzi, nyama na mafuta yake, anamwagia chumvi, kitunguu kibichi na pilipili. Chupa zinarundikana, kwani nani ataondoka kabla hajawanunulia wenzake?

Nyama ile, hasa maini na figo, pamoja na bia, ina purini, ambazo mwili huzigeuza kuwa asidi ya yuriki. Pombe nayo huzizuia figo kuitoa. Asidi ikizidi takriban miligramu 7 kwa desilita ya damu, inaweza kuganda kuwa chembe zenye ncha kali. Jongo, kwa unyenyekevu wake, mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu, ambacho hakuna anayekikumbuka. Usiku wa manane kidole kinavimba na kuwaka moto. Shuka likikigusa tu, baba mzima anapiga kelele.

Halina ubaguzi. Mfalme Karolo wa Tano, aliyetawala Hispania na sehemu kubwa ya Ulaya, alitaabishwa nalo. Mwaka 2006 watafiti walichunguza kipande cha kidole chake kilichohifadhiwa, wakakuta chembe zile zile. Leo fundi wa mtaa wetu wa Katuba anapata heshima ya kifalme bila kuvaa taji.

Tena linajua kuchagua kinywaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12, ulionyesha kuwa bia ndiyo iliyoongeza hatari zaidi, ikifuatiwa na pombe kali. Mvinyo wa kiasi haukuonekana kuiongeza.

Dawa ipo: alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, washindi wa Nobel mwaka 1988. Humezwa kila siku, lakini wengi huiacha maumivu yakipoa. Jongo halina kinyongo. Linarudi, safari hii likipitia kifundo na goti, na likizoea nyumba huacha vinundu vigumu kwenye viungo na masikio. Wengine huongezewa mawe ya figo, bila malipo ya ziada.